Mwenda kwa Miguu Apite Wapi?

Hotuba ya afisa uhusiano wa polisi kwa wafanyakazi, wenye viwanda, madereva na wakazi wa mitaa inayopakana na Zone Industrielle, Bujumbura

Waheshimiwa viongozi wa mitaa na wa nyumba kumi, wakurugenzi na wasimamizi wa viwanda, madereva, wafanyakazi wa zamu, mama zetu mnaouza chakula kwenye milango ya viwanda, na nanyi vijana wa baiskeli mliosimama kule nyuma kana kwamba mkutano huu si wenu. Ninyi wa baiskeli, sogeeni mbele. Leo nimekuja hasa kwa ajili yenu.

Kwa kawaida afisa wa polisi akisimama mbele ya watu, wasikilizaji hutarajia mambo mawili: ama kutangaziwa katazo jipya, ama kukumbushwa katazo la zamani. Leo sikuja na lolote kati ya hayo. Nimekuja kuzungumza juu ya barabara zenyewe: upana wake, kingo zake, mitaro yake, giza lake, na namna zinavyoweza kutengenezwa ili mtu atembee au aendeshe baiskeli akiwa salama, na mwili wake unufaike. Mtaniuliza: polisi ana kazi gani na ujenzi wa barabara? Hiyo si kazi ya wahandisi na ya jiji? Ni kweli. Lakini mhandisi hukabidhi barabara akaenda zake, na polisi ndiye huitwa usiku kupima alama za matairi. Tunayajua makosa ya barabara kwa sababu tunayaokota.

Naomba nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijahamishiwa kazi ya uhusiano, nilikuwa katika polisi ya usalama barabarani. Usiku mmoja wa mwezi Aprili, mvua ikiwa imenyesha tangu alasiri, tuliitwa kwenye ajali katika eneo hili la viwanda. Mfanyakazi aliyetoka zamu ya jioni alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu. Lori lilimgonga kutoka nyuma. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitalini. Nilipima, nikachora, nikaandika ripoti. Katika ripoti hiyo niliandika sentensi ambayo nilikuwa nimekwisha kuiandika mara nyingi: "Marehemu alikuwa akitembea ndani ya njia ya magari." Sentensi hiyo haikuwa ya uongo. Alikuwa ndani ya njia ya magari.

Baada ya wiki mbili mke wa marehemu alikuja ofisini kuchukua nakala. Aliniomba nimsomee. Nilipofika kwenye sentensi ile alinyanyua mkono akanisimamisha, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Afande, angepita wapi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilirudi pale mchana, peke yangu. Upande mmoja wa barabara palikuwa na trela limeegeshwa, magurudumu yake yamepanda ukingo, na mbele yake rundo la mchanga wa ujenzi. Upande wa pili palikuwa na mtaro usio na mfuniko, kina chake kikinifika kiunoni, umejaa maji machafu hadi juu. Katikati ya vitu hivyo viwili palibaki lami tu. Yule bwana hakuwa mzembe. Alikanyaga mahali pekee palipokuwa na ardhi. Ripoti yangu ilisema alikuwa wapi, lakini haikusema kwa nini alikuwa pale. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafuta nusu ya pili ya ripoti ile, na haya nitakayoyasema leo ndiyo niliyoyapata.

Ndugu zangu, hebu tulitazame eneo letu. Bunge lilipoifanya Gitega kuwa makao makuu ya siasa mwaka 2019, Bujumbura ilibaki mji mkuu wa biashara, na moyo wa biashara hiyo unapiga hapa. Kiwanda cha Brarudi kipo jijini tangu 1955. Mizigo huingia kwa Ziwa Tanganyika hadi bandarini, na huingia kwa malori yanayotoka Dar es Salaam yakivuka mpaka wa Kobero. Ukizitazama barabara za eneo la viwanda utaona zilichorwa kwa ajili ya mizigo hiyo: njia pana, kona za mviringo mkubwa ili trela likate bila kupunguza mwendo, milango mikubwa inayofunguka moja kwa moja barabarani. Mzigo ulifikiriwa. Mpagazi hakufikiriwa.

Lakini simameni hapa saa kumi na mbili asubuhi mhesabu. Kwa kila lori moja watapita watu wangapi kwa miguu? Wanatoka Buyenzi na Bwiza, wanatoka Ngagara, Cibitoke, Kinama na Buterere. Wengine wamevuka Mto Ntahangwa, ule unaolikata jiji kutoka milimani hadi ziwani, na ambao madaraja yake machache huwalazimisha watu, baiskeli na magari kubanana mahali pamoja. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, ambapo misururu ya magari kwenye vituo vya mafuta na ya abiria kwenye vituo vya basi imekuwa mirefu, hata waliozoea kupanda basi wamerudi kwenye miguu yao. Kwa hiyo, tusidanganyane kwamba tunahitaji kuwashawishi watu wa Bujumbura watembee. Wanatembea tayari. Swali letu ni kama kutembea kwao kutawajenga au kutawamaliza.

Nasema kutawajenga kwa sababu madaktari wamekwisha kulisema jambo hili waziwazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili wake kwa kiasi cha wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Mwaka 2022, asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango hicho, na matunda yake tunayajua: shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo. Sasa mchukueni mfanyakazi anayekaa kilomita nne kutoka hapa. Akienda kwa mwendo wa kawaida wa kilomita tano kwa saa, atatumia dakika 48 asubuhi na dakika 48 jioni. Kwa siku mbili tu amekwisha kuzipita dakika 150. Hakulipa kiingilio cha ukumbi wa mazoezi, hakununua mafuta. Kwa hesabu hiyo, mfagiaji wa kiwanda anaweza kuwa na moyo wenye afya kuliko mkurugenzi wake anayeletwa na gari hadi mlangoni. Mniwie radhi wakurugenzi, lakini hesabu ndivyo inavyosema.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina upande wa pili. Shirika hilohilo linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa si wale waliokaa ndani ya magari. Ni waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Yaani yule anayefuata ushauri wa daktari ndiye barabara inayemwadhibu. Basi tusimlaumu kijana wetu anayesema kwamba siku akipata pesa, kitu cha kwanza atakachofanya ni kuitupa baiskeli. Si uvivu. Ni hofu, na ni aibu pia, kwa sababu barabara humwambia kila siku kwamba yeye si mtu wa kufikiriwa.

Sasa niseme juu ya mwendo, kwa sababu hapo ndipo penye mzizi. Dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa akimwona mtoto ameingia barabarani, kabla mguu wake haujagusa breki gari limekwisha kula karibu mita 14. Kisha breki nazo zinataka mita nyingine kama hizo. Jumla ni mita 28 hivi, na hiyo ni lami kavu, breki nzima na gari dogo. Kwa kilomita 30 kwa saa, gari hilohilo husimama ndani ya mita 13 hivi. Chukueni chaki mkapime hapa nje. Mtoto aliye umbali wa mita 20 atapona kwa mwendo wa 30, na atagongwa kwa mwendo wa 50. Hakuna mwujiza katika jambo hilo. Ndiyo maana mwaka 2020, katika mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, mataifa yalikubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa.

Najua dereva wa lori hapa anajiuliza, "Nikienda 30, nitafika lini?" Tupige hesabu pamoja. Tuseme safari yako ndani ya eneo la viwanda ni kilomita mbili. Kwa mwendo wa 50 utatumia dakika mbili na sekunde 24. Kwa mwendo wa 30 utatumia dakika nne. Umepoteza dakika moja na sekunde 36. Wewe uliyetumia siku kadhaa kutoka Dar es Salaam, na pengine siku nyingine mbili ukisubiri karatasi za forodha, dakika moja na nusu itakufilisi? Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mimi naongeza kwamba hamkwazi na mwenzake.

Lakini hapa nataka kukiri jambo ambalo polisi hatulisemi mara nyingi. Kibao cha mwendo peke yake hakipunguzi mwendo. Polisi akisimama barabarani, magari hutembea kwa adabu. Polisi akienda kunywa chai, mwendo hurudi palepale. Kinachomfanya dereva apunguze mwendo mchana na usiku, awepo polisi asiwepo, ni umbo la barabara yenyewe. Barabara pana iliyonyooka humwambia dereva "kimbia", hata kama kibao kinasema "polepole". Njia iliyopunguzwa upana, tuta lililojengwa vizuri, kivuko kilichoinuliwa usawa wa njia ya waendao kwa miguu, kona iliyobanwa ili lori lilazimike kuzunguka taratibu: hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ya polisi bila mshahara.

Barabara inayomheshimu anayetembea inafananaje? Nitaitaja kwa vitu vitano ambavyo kila mmoja wenu anaweza kwenda kuvikagua mwenyewe.

Cha kwanza ni njia ya miguu iliyoinuliwa na yenye upana wa kutosha, mita mbili hivi zilizo tupu, ili watu wawili wapishane, mama aliyejitwika beseni apite, na mwenzetu wa kiti cha magurudumu apite pia. Nasema zilizo tupu. Njia ya mita mbili iliyojaa mchanga, vibanda na magari yaliyoegeshwa si njia.

Cha pili ni mtaro wenye mfuniko. Katika jiji letu lililo kati ya milima na ziwa, maji ya mvua hushuka kwa nguvu na mitaro ni lazima. Lakini mtaro ukifunikwa kwa vibao vya zege vyenye matundu ya kupitisha maji, na vinavyoweza kunyanyuliwa wakati wa kusafisha, mtaro huohuo unakuwa njia ya miguu. Hatuhitaji kununua ardhi mpya. Ardhi ipo, tumeiacha wazi iwe shimo.

Cha tatu ni nafasi ya baiskeli iliyotengwa na magari mazito kwa ukingo wa zege au kwa nguzo fupi, wala si kwa mstari wa rangi tu. Rangi haizuii trela. Baiskeli inayobeba magunia, au inayobeba abiria kama zilivyo nyingi katika mitaa yetu ya kaskazini, ni pana na huyumba. Inahitaji nafasi kuliko baiskeli ya michezo.

Cha nne ni mwanga. Hapa kwetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na zamu nyingi hubadilishana wakati huohuo au baada yake. Taa moja kwenye kivuko kilicho mbele ya mlango wa kiwanda inaweza kufanya kazi kuliko mabango kumi ya kuwaasa wafanyakazi. Na kwa wanawake wanaotoka kazini usiku, taa hiyo huzuia hatari nyingine pia, ambazo polisi tunazijua.

Cha tano ni kivuli. Mtu atatembea kilomita tatu chini ya miti kwa hiari yake. Bila mti hata mmoja, saa nane mchana, katika vumbi na joto la eneo hili, kilomita moja ni adhabu. Ukuta wa kiwanda wenye urefu wa mita 200 unaweza kupandwa miti nje yake. Mwenye kiwanda hatapoteza kitu, na walinzi wake watamshukuru.

Mtasema hayo ni ya Ulaya. Nami nilidhani hivyo. Lakini hata huko Ulaya hayakushuka kutoka mbinguni. Uholanzi, ambayo leo husifiwa kwa baiskeli zake, mwaka 1971 ilipoteza watu zaidi ya 3,000 barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani wakidai mauaji ya watoto yakomeshwe. Kisha mwaka 1973 ukaja uhaba wa mafuta, serikali ikazuia magari siku za Jumapili, na watu wakaziona barabara zao kwa macho mapya: watoto wakicheza, wazee wakitembea. Nchi hiyo ilianza kujenga njia za baiskeli kwa bidii kutokana na msiba na uhaba. Msiba tunao, na uhaba tumeuonja. Kilichobaki ni bidii.

Tusiende mbali. Jirani zetu wa Kigali walianza mwaka 2016 kuwa na siku maalumu ambapo barabara kadhaa hufungwa kwa magari na watu hutoka kufanya mazoezi. Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka huohuo 2016, barabara zake zilikuwa na njia za miguu na za baiskeli pembeni. Na katika jiji hilohilo kulikuwa na mradi mmoja unaonigusa zaidi, kwa sababu ni wa gharama ndogo. Shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa mno, likajenga matuta, vivuko, njia za miguu na nguzo fupi za kuzuia magari, na likawafundisha watoto namna ya kuvuka. Majeraha ya watoto katika maeneo hayo yalipungua kwa takriban robo. Mradi huo, unaojulikana kama SARSAI, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Haukuhitaji daraja la juu wala barabara kuu mpya. Ulihitaji saruji, vipimo, na mtu wa kwenda kuwauliza watoto wanapita wapi.

Nyumbani nako tuna jambo la kuzungumza kwa uwazi. Mnakumbuka Machi 2022, baiskeli, pikipiki na tuk-tuk zilipozuiwa kuingia katikati ya jiji. Polisi tulitekeleza agizo hilo, kama ilivyo wajibu wetu kutekeleza maagizo ya serikali, na msongamano na ajali vilikuwa miongoni mwa sababu zake. Sikusimama hapa kumhimiza mtu yeyote avunje agizo lolote. Ninachosema, kama mtu aliyesimama kwenye njia panda hizo, ni kwamba baiskeli iliyozuiwa mahali pamoja haitoweki. Hutafuta njia nyingine. Mwenye baiskeli bado ana mzigo wa kupeleka na watoto wa kulisha. Kwa hiyo tunapoamua mahali ambapo baiskeli haitapita, haki inatudai tuonyeshe pia mahali itakapopita, na mahali hapo pawe salama. Vinginevyo tutakuwa tumeihamisha ajali kutoka barabara moja hadi nyingine.

Nanyi vijana wa baiskeli, msifurahi mno, zamu yenu imefika. Mnawajua wenzenu wa Barabara ya Taifa Namba 1, wale wanaoteremka kutoka Bugarama na ndizi, kisha hurudi juu wameshika mkia wa lori. Tumezika wengi. Mchezo huo usiletwe hapa. Msishike lori, hata likienda polepole, kwa sababu dereva hawaoni, na trela likikata kona magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, huingia ndani zaidi. Msipite upande wa kulia wa lori linalotaka kukata kulia. Fungeni taa au kiakisi nyuma, walau kipande cha kitambaa kinachong'aa. Sheria ya usafiri barabarani ya mwaka 2012 inawahusu nanyi. Heshima tunayowadai madereva tutaidai kwenu pia.

Madereva, nanyi mnajua kwamba magari yetu mengi yana usukani wa kulia, ilhali tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva wa gari kama hilo akitaka kumpita mwenye baiskeli haoni vizuri kinachokuja mbele, basi hutoka kwa kubahatisha na hurudi kwa ghafla, na anayerudiwa ni mwenye baiskeli. Subiri nyuma yake. Kama huoni, usipite.

Wenye viwanda, nina maombi matatu kwenu, na hakuna hata moja litakalotikisa hesabu zenu. Egesheni malori ndani ya uzio au mahali palipopangwa, msiyaegeshe juu ya njia za watu. Funikeni mtaro ulio mbele ya lango lenu, walau mita 50 kila upande. Na ndani ya uzio jengeni mahali penye paa pa kuegesha baiskeli za wafanyakazi. Mfanyakazi atakayeikuta baiskeli yake kavu na salama jioni, kesho atafika kazini kwa wakati hata kama mabasi hayana mafuta.

Viongozi wa mitaa, tunazo kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi. Mara nyingi tunazibua mitaro, na takataka tulizotoa tunazirundika pale pale ukingoni, ambapo watu hupita. Jumamosi ijayo tuziondoe kabisa. Hiyo pekee itafungua njia ambayo leo haipo. Nawaomba pia mteue watu wawili kila mtaa, mmoja awe mwanamke anayetembea njia hii kila siku, wazunguke na karatasi na kuandika mahali ambapo njia inakatika: shimo liko wapi, taa imekufa wapi, lori linaegeshwa wapi. Orodha hiyo mniletee. Nami nitaipeleka kwa wahusika wa jiji na wa barabara nikiwa na sahihi zenu, kwa sababu mhandisi akipata malalamiko ya mtu mmoja huyaweka kando, lakini akipata orodha yenye vipimo huwa na kazi ya kufanya.

Na sisi polisi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ufa wetu uko kwenye kalamu. Nimewaomba wenzangu wa usalama barabarani, na mimi mwenyewe nimekwisha kuahidi, kwamba kila ajali ya mwenda kwa miguu au mwenye baiskeli katika eneo hili, ripoti isiishie kusema alikuwa wapi. Iseme pia njia yake ilikuwa wapi: kama ilikuwapo, kama ilikuwa wazi, kama ilikuwa na mwanga, na nani aliifunga. Kazi hiyo haina gharama, ni mistari mitatu ya ziada. Lakini mistari hiyo ikirundikana, hakuna atakayeweza kusema hakujua.

Nimekuwa na bahati ya kurudi mara nyingi pale mahali pa ajali niliyowasimulia. Trela lile liliondoka, na mengine yamekuja kuegeshwa palepale. Mtaro bado uko wazi. Yule mama sijaonana naye tena. Nikionana naye, nisingependa kumwambia kwamba nimetoa hotuba nzuri. Ningependa nimshike mkono, nimpeleke pale na kumwonyesha kwa kidole: angepita hapa.

Orodha zenu nazisubiri. Mrudi majumbani kwenu salama.